Maji ya Uluguru na Hewa ya Morogoro: Kupima kwa Haki ni Wajibu wa Mji Mzima



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme (2:19-22) tunasoma habari za watu wa Yeriko waliomwendea nabii Elisha na shida iliyo wazi: mji wao umekaa mahali pazuri, lakini maji yake ni mabaya na nchi yao haizai. Uzuri wa mahali haukuwafanya wafiche ubaya wa maji. Naye nabii hakuanza kazi yake mtungini. Alikwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe.

Morogoro nayo imekaa mahali pazuri. Wenyeji huiita “mji kasoro bahari”. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kinasimama juu ya mji kama mlinzi, na nyuma yake yametandazwa Milima ya Uluguru, ambayo miteremko yake ya mashariki hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kutoka huko hushuka Mto Morogoro, vijito vya Kikundi na Bigwa, na mito inayojaza Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 na ambalo hadi leo ni chanzo kikuu cha maji ya mji wetu. Kutoka huko pia huanza Mto Ruvu, ambao Kibaha na Dar es Salaam huunywa kila siku. Hivyo tunapozungumza juu ya maji ya Uluguru, tunazungumza juu ya uhai wa mamilioni ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuuona mlima huo.

Swali la leo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Mama anayechota maji kisimani Kihonda wiki hii, au mtoto anayeoga mtoni chini ya daraja, anaweza kumwuliza nani kama maji hayo yana usalama? Na yule anayeishi jirani na rundo la taka linalofuka moshi usiku kucha, nani atamwambia hewa anayovuta ina nini? Mara nyingi jibu letu hutegemea macho na pua: maji yakiwa meupe tunayaamini, moshi usipoonekana tunatulia. Lakini vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi, na chembechembe za moshi zenye madhara makubwa zaidi ni zile zisizoonekana.

Kila chombo na kipande chake

Haki itendeke: si kwamba hakuna anayepima. Mamlaka ya maji ya mji, MORUWASA, ina wajibu wa kupima maji inayoyasambaza. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake hapa hapa Morogoro, inasimamia mito na vibali vya kutumia na kutiririsha maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linasimamia viwanda na uchafuzi kwa ujumla. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inazitaka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira.

Kwa hiyo sheria ipo na vyombo vipo. Pengo linakuja pale ambapo kila chombo kimeshika kipande chake, na picha nzima haimo mikononi mwa yeyote. Maji ya bomba yana mwenye kuyapima; kisima cha uani kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo, nani hukitembelea? Sehemu kubwa ya nyumba za mji wetu haijaunganishwa na mtandao wa majitaka, na mvua kubwa inaponyesha, kilichomo ardhini hutafuta njia ya kwenda Ngerengere. Mto huo hupokea uchafu wa mji, kisha huendelea na safari mpaka kuungana na Ruvu. Kuhusu hewa, pengo ni pana zaidi, kwa sababu mitambo rasmi ya kupimia hewa kwa usahihi mkubwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mmoja, kabla ya kuhesabu umeme, fundi na vipuri. Manispaa inayohangaika na madawati, zahanati na barabara za mitaa haiwezi kulaumiwa kwa kuuacha mtambo wa namna hiyo dukani.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maji na hewa ni mali ya kwanza ya mji. Tukikosa daftari lake, tutapata habari zake wodini.

Vyombo vidogo, kazi kubwa

Habari njema ni kwamba katika miaka ya karibuni gharama ya kupima imeshuka mno, na baadhi ya njia hazihitaji hata umeme.

Tuanze na tope. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kisahani cha rangi nyeupe na nyeusi chini yake, latosha kupima wingi wa tope majini: unalijaza maji ya mto, kisha unayapunguza polepole mpaka kisahani kionekane, na unasoma kipimo ubavuni. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kufanya hivyo kila asubuhi akiwa na daftari. Tope si suala la kupendeza kwa macho tu. Maji yenye tope huwapa vimelea mahali pa kujificha, hivyo klorini haiwafikii vizuri. Na tope hilo hilo hutuama katika bwawa la Mindu na kupunguza nafasi ya maji mwaka hadi mwaka.

Pili ni klorini yenyewe. Kwa kidonge au matone machache, maji hugeuka rangi ya waridi, nawe unailinganisha na kadi ya rangi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miligramu 0.2 ya klorini huru kwa lita ibaki pale maji yanapomfikia mtumiaji. Kipimo hiki kina maana ya pekee katika miji yenye mgao: bomba likikosa maji, msukumo hupungua, na uchafu wa nje waweza kunyonywa ndani kupitia nyufa. Maji yaliyotoka salama kwenye mtambo yanaweza kufika yamechafuka kwenye nyumba ya mwisho. Ndiyo maana kipimo chenye thamani zaidi ni kile cha bomba la mbali kabisa.

Tatu ni vimelea vya kinyesi. Mwongozo wa kimataifa ni mkali: katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata bakteria mmoja wa aina ya E. coli. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho hapa. Hata hivyo, zipo chupa ndogo zenye karatasi iliyotiwa dawa; ukiweka maji yenye uchafu wa kinyesi, katika siku moja hadi tatu hugeuka meusi na kunuka kama yai viza. Chupa hiyo haisemi vimelea ni wangapi, na mara nyingine hutoa tahadhari pasipo hatari. Lakini kwa gharama ndogo inatuambia visima vipi kati ya mia vipelekwe maabara kwanza.

Nne, wapo mashahidi wanaoishi mtoni. Chini ya mawe ya mto hukaa wadudu wadogo. Baadhi yao hutoweka upesi maji yanapochafuka; wengine, kama minyoo fulani, hustahimili hata matopeni. Ukiwahesabu kwa aina, unapata alama ya afya ya mto. Tanzania ina mfumo wake wa kitaalamu wa namna hiyo, ujulikanao kwa kifupi kama TARISS, na Afrika Kusini wamekwisha kurahisisha mfumo wao ili wanafunzi na wanakijiji wautumie. Kipimo cha maji kinaeleza hali ya saa ile. Wadudu hueleza yaliyopita majuma kadhaa, hata kama aliyemwaga uchafu alifanya hivyo usiku.

Hewa: somo kutoka Kampala

Kuhusu hewa, mfano ulio karibu nasi uko Uganda. Mwaka 2015, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha mradi wa AirQo. Walitengeneza wenyewe vipima hewa vya bei nafuu vyenye kustahimili joto na vumbi la miji yetu, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na kushirikiana na mamlaka ya jiji la Kampala ili takwimu ziwafikie viongozi na wananchi. Vipima hivyo sasa vinatumika katika miji kadhaa ya Afrika.

Kinachopimwa hasa ni chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani nyembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Kwa udogo wake hupita puani, hufika ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachoshauriwa hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Shirika hilo linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani, unachangia vifo vipatavyo milioni 7 duniani kila mwaka. Kwetu vyanzo tunavijua kwa majina: jiko la mkaa na la kuni, taka zinazochomwa mitaani, mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, vumbi, na moshi wa malori yanayopita Msamvu.

Kuna somo la pili. Kwa miaka kadhaa, mitambo ya kupimia hewa kwenye balozi za Marekani ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya kutegemewa vya takwimu katika miji kadhaa ya Afrika, ukiwamo mji wa Kampala. Mwezi Machi 2025 nchi hiyo ilisitisha kutangaza takwimu hizo. Jirani akizima taa yake, asiye na yake hubaki gizani. Miji iliyokuwa na vipima vyake, hata vile vya bei nafuu, iliendelea kuona.

Nafuu isiwe rahisi mno

Hata hivyo, busara inatudai tuseme pia mipaka. Kipima hewa cha bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na unyevu mwingi huweza kukidanganya kikahesabu ukungu kama moshi. Katika mji ulio chini ya mlima wenye mawingu kama Uluguru, jambo hilo si dogo. Dawa yake ni kukiweka kwa muda kando ya mtambo wa usahihi wa juu, kulinganisha, kurekebisha, na kurudia zoezi hilo kila baada ya muda. Vivyo hivyo, hakuna kikaratasi cha kununuliwa dukani kitakachotuhakikishia kwamba maji hayana zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, au mabaki ya dawa za kuulia wadudu wa mboga. Hayo ni ya maabara.

Isitoshe, bei ya chombo ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kinachoua miradi mingi ni mambo ya mwaka wa pili: vidonge vya kupimia vimekwisha, betri imekufa, kijana aliyefundishwa amehamia Dodoma, na daftari halina anayelisoma. Kwa hiyo halmashauri inayopanga bajeti isijiulize tu kipima kinauzwa kiasi gani. Ijiulize: nani atakisoma kila wiki, nani atakitengeneza, na takwimu zitaletwa mbele ya kikao gani?

Lakini ugumu huo usitukatishe tamaa, maana kuna ukweli mmoja ambao wataalamu wanaujua vizuri. Sampuli moja iliyopimwa kwa usahihi mkubwa mara moja kwa mwaka yaweza kukosa kabisa siku ya mvua ya kwanza, siku ambayo uchafu wa miezi mingi unashuka mtoni kwa mkupuo. Kipimo cha kawaida kinachorudiwa kila wiki kitaiona siku hiyo. Mji unahitaji vyote viwili: vipimo vingi vya bei nafuu vya kututahadharisha, na vichache vya maabara vya kuthibitisha.

Mlimani na mjini: nani alaumiwe?

Hapa tunafika penye kiini cha jambo hili, nacho ni suala la haki.

Maji yanapoadimika au kuchafuka mjini, mara nyingi kidole huelekezwa mlimani. Mkulima wa Mgeta, Kinole au Matombo huambiwa kwamba ndiye mharibifu, na husikika sauti za kutaka watu wa milimani wahamishwe. Ni kweli kwamba kulima kwenye mteremko mkali bila kinga huleta tope, na ni kweli kwamba msitu, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, unahitaji ulinzi. Lakini tope ni la mlima. Je, kinyesi, plastiki na maji ya viwandani ni ya nani? Pasipo vipimo juu ya mto, katikati ya mji na chini ya mji, mwenye sauti kubwa humtwisha asiye na sauti mzigo wote.

Historia ya Uluguru inatuonya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi mashambani ili kuhifadhi udongo na maji. Lengo liliweza kutetewa. Njia haikuwa ya haki. Watu hawakushirikishwa, kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa chini ya ule usiozaa. Mwaka 1955 ghasia zililipuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango mzima ukasambaratika. Tofauti na hayo, kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine katika Uluguru: wakulima waliokubali kupanda miti na kuhifadhi miteremko yao walipewa malipo, kwa wazo kwamba anayefaidi maji safi kule chini amchangie anayeyatunza kule juu. Mpango wa namna hiyo hauwezi kusimama bila kipimo, maana ni kipimo kinachoonyesha kwamba tope limepungua na kwamba mkulima anastahili alichoahidiwa.

Maandiko Matakatifu yanalaani mizani ya udanganyifu. Sheria ya Musa (Kumbukumbu la Torati 25:13-16) inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, zito na jepesi. Kumpima mkulima wa mlimani kwa jiwe zito na kutompima kabisa mwenye kiwanda au mwenye nyumba ya kifahari anayefungulia majitaka usiku wa mvua, hiyo nayo ni mizani ya udanganyifu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji salama ni haki msingi ya kila binadamu, na kwamba ubora wa maji yanayowafikia maskini ni suala zito la kimaadili. Alikiri pia kwamba Kanisa halijidai kuamua masuala ya kisayansi. Linaomba tu mjadala wa kweli na wa wazi. Nao mjadala wa kweli hauanzi bila takwimu za kweli.

Nini kifanyike

Kwanza, Halmashauri ya Manispaa, mamlaka ya maji na Bodi ya Bonde wakae meza moja na kukubaliana juu ya vituo vichache vya kudumu: juu ya mji, ndani ya mji na chini ya mji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilicho miguuni pa mlima, kina wataalamu, wanafunzi na maabara. Chaweza kuwa mlinganishaji wa vipimo na mlezi wa takwimu.

Pili, matokeo yabandikwe. Kipimo kilichofungiwa kabatini hakijamsaidia mtu. Ubao wa ofisi ya mtaa uonyeshe kwa Kiswahili chepesi: kisima hiki ni salama, hiki chemsha maji yake, hiki kimefungwa. Wapo watakaohofia kuwatia wananchi taharuki. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Na watu huhofia zaidi wasichoambiwa.

Tatu, waumini tushike sehemu yetu. Kanuni ya auni katika Mafundisho Jamii ya Kanisa yatufundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ya chini lisingoje mamlaka ya juu, na kwamba mamlaka ya juu iiwezeshe jumuiya hiyo badala ya kuipokonya. Parokia, shule na zahanati zetu zimetapakaa kutoka tambarare hadi vilele vya mlima. Vijana wa TYCS na VIWAWA waweza kusoma bomba la tope na kuwahesabu wadudu wa mto. Akina mama wa WAWATA wanajua kuliko yeyote ni kisima kipi huleta kuhara masika yanapoanza. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaweza kupeleka taarifa hizo kwa ofisa wa mazingira wa kata, bila kejeli wala siasa, na kuuliza mwezi unaofuata kimefanyika nini.

Nne, tuanze na moshi wetu. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Shule na seminari za Kanisa zimo katika hesabu hiyo. Kipima hewa kikifungwa jirani na jiko la taasisi ya Kanisa, kisome nini?

Elisha alitia chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko, na Bwana akayaponya maji. Lakini kabla ya muujiza kulikuwa na watu wa mji waliothubutu kusema kwamba maji yao ni mabaya. Hatua hiyo ya kwanza ni yetu, na gharama yake haizidi uwezo wetu. Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona, moyo wa kusema kweli, na mizani iliyo sawa kwa watu wa mlimani na wa mjini.